Sweta Hutafutwa kwa Jina Gani

Nilipopangiwa kazi Tukuyu sikuwa na sweta hata moja. Nimezaliwa na kukulia Lindi, na kwetu sweta ni kitu cha kwenye picha za ndugu waliosafiri. Nilishuka stendi nimevaa gauni la mikono mifupi na kandambili, ile mvua nyembamba ya Tukuyu isiyo na haraka ikininyeshea, na begi langu lina vitabu vingi kuliko nguo. Shuleni walinielekeza kwa mama mmoja mjane, maeneo ya Msasani ya hapo hapo Tukuyu, aliyekuwa na chumba cha kupangisha. Nilimkuta barazani, sindano mbili za kufumia mikononi. Alinitazama kuanzia vidole vya miguu mpaka kichwani, hakuniuliza jina wala natoka wapi, akaingia ndani akatoka na sweta zito la rangi ya chai ya maziwa.

"Faa kwansa," akasema. "Habali nyingine baadaye."

Kiswahili chake ni cha mtu aliyelelewa kwa Kinyakyusa, na sitajaribu kukiandika chote hapa kama anavyokitamka, maana sitakitendea haki. Mimi nilikuwa mwalimu mpya wa Kiswahili, binti wa pwani mwenye majivuno yangu ya lugha, na nilicheka kimoyomoyo. Lakini sweta nilivaa, na sikulivua mpaka Jumapili.

Mama mwenye nyumba wangu alikuwa akifuma tangu ujana wake. Kila saa aliyokuwa hapalilii migomba nyuma ya nyumba wala kuhangaika na ng'ombe wake mmoja, sindano zilikuwa zinagongana. Alifuma bila kutazama, akizungumza na mtu, akimkemea kuku, akisikiliza mahubiri redioni. Zaidi alipenda nguo za watoto: visweta vidogo vya vifungo viwili, kofia za kufunga kwa kamba chini ya kidevu, soksi ndogo zilizoenea kwenye kidole gumba changu tu. Alizihifadhi kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na siku aliponifungulia nilihesabu kofia mpaka nikachoka. Zamani, aliniambia, mtu akijifungua hapa mtaani lazima aje kwake. Siku hizi mitumba imejaa kila kona, na vijana hawajui kama yupo.

"Kwa nini tusiviweke mtandaoni, mama?" nikamuuliza.

"Mtandaoni wapi?"

Nikamwonyesha kwenye simu. Kuna ule mtandao ambao watu wanatangaza vitu vyao, kuanzia mbuzi mpaka magari, na mnunuzi anaandika kwenye kisanduku anachokitaka, kisha analetewa matangazo yanayofanana na alichoandika. Alitazama picha zikipita chini ya kidole changu, mbuzi, kochi, shamba la chai, kochi tena.

"Watu wote hawa wanauza," akasema. "Wanaonunua wako wapi?"

Lilikuwa swali zuri kuliko nilivyojua siku ile.

Jumamosi moja jua lilipochomoza vizuri tulitandika shuka jeupe kwenye ua, tukapanga visweta, nikapiga picha. Kisha nikakaa na daftari kutunga tangazo. Nilifuta, nikaandika, nikafuta. Mwisho nikapata kichwa cha habari ambacho ningempa mwanafunzi alama zote: "Mavazi ya sufu yaliyofumwa kwa mikono ya ustadi, yenye kukidhi mahitaji ya watoto wachanga." Nilimsomea mama kwa sauti ya darasani. Alisikiliza mpaka mwisho, sindano zikiwa zimesimama.

"Kisuri," akasema kwa heshima. "Kama cha kwenye redio."

Wiki ya kwanza ikapita, hakuna aliyepiga. Wiki ya pili pia. Kila nilipotoka shule alikuwa ananisubiri barazani. Kabla sijaketi ananiuliza:

"Wamesemaje?"

"Bado, mama."

"Labda wanajiandaa."

Siku ya kumi na tano simu ikaita nikiwa nasonga ugali. Namba ngeni. Nikauacha mwiko sufuriani nikakimbilia barazani ili na yeye asikie, nikaweka sauti ya nje.

"Habari yako dada," akasema mwanamume mmoja, sauti nene ya mtu wa biashara. "Nimeona tangazo lenu. Mimi niko Morogoro."

"Karibu sana kaka!"

"Mnazo gunia ngapi?"

Nikamtazama mama. Mama akanitazama.

"Gunia... za visweta?"

"Visweta vya nini, dada? Sufi! Sufi ya kujazia mito na magodoro. Mimi nachukua kuanzia gunia kumi."

Nilimweleza taratibu kwamba sufi anayoitafuta ni ile inayotoka kwenye mti, inapasuka kama pamba, na mimi nilikuwa nimeandika sufu, yaani manyoya ya kondoo. Halafu akacheka, akaniombea heri, akakata. Mama naye alikuwa ameelewa nusu.

"Sufu ni nini?" akaniuliza.

"Manyoya ya kondoo, mama. Ndiyo yanatengeneza uzi wako."

"Uzi wangu?" Akaliinua donge la uzi wa bluu na kuligeuza kwenye mwanga. "Huu naununua Mbeya dukani. Kwenye karatasi wameandika ni wa kiwandani. Sijui kondoo anaingilia wapi."

Ugali uliungua siku ile, na tuliula hivyo hivyo kwa maziwa ya mgando. Baada ya kula nilifungua ule mtandao na kugundua sehemu ambayo sikuwahi kuiangalia: inamwonyesha mwenye tangazo maneno ambayo watu waliandika kabla ya kumfikia. Walikuwa watu watatu tu kwa wiki zote mbili. Mmoja aliandika "sufi". Wa pili "sufi ya mito". Wa tatu "sufi safi bei ya jumla". Hakuna mzazi hata mmoja aliyefika pale. Nilikuwa nimetundika kibao kizuri kwenye njia isiyopitwa na mtu.

Nilinuna siku mbili. Si kwa sababu ya mauzo. Ni kwa sababu ya Kiswahili changu. Mama hakunibembeleza. Ijumaa aliniambia tu kwamba kesho yake anakwenda Kyimo sokoni na baadhi ya nguo, na kama sina madaftari ya kusahihisha nimsindikize nikambebee kapu.

Tulikaa kati ya mwanamke wa viazi na mwingine wa ndizi. Mama alitandaza kitambaa chake cha plastiki, akapanga nguo, kisha akaendelea kufuma kana kwamba hajaja kuuza. Mimi nilikaa nyuma yake na daftari langu la maandalio ya somo. Alikuja msichana mmoja mjamzito, tumbo limefika mbali, akiongozana na dada yake mkubwa.

"Shikamoo mama. Una seti ya kumtolea mtoto?"

"Marahaba. Ipo." Mama akampa kisweta, kofia na soksi za rangi moja.

Kumtolea mtoto. Sikuwahi kulifikiria neno lile. Nguo anayovalishwa mtoto siku anapotolewa hospitali kupelekwa nyumbani. Nikaliandika nyuma ya daftari. Akaja mwingine, mama mtu mzima mwenye kanga mbili na mwavuli. "Nataka kitu cha kupeleka kwa aliyejifungua, lakini kisiwe kanga, kanga watampelekea wote." Nikaandika. Akaja mwanamume mmoja wa bodaboda, akasimama bila kuzima pikipiki. "Mama, kofia ya mtoto ile ya kuziba masikio unayo? Mwanangu anapigwa na baridi." Nikaandika: ya kuziba masikio. Akaja mwanamke akitaka sweta jeupe la ubatizo. Mwingine akaomba "nguo za baridi za mtoto mchanga, zile nzito nzito". Kadiri asubuhi ilivyoendelea, ukurasa wangu ulijaa, na nilipousoma tena nikaona hakuna hata mmoja aliyesema mavazi. Hakuna aliyesema ustadi, wala kukidhi. Na hakuna aliyetaja imetengenezwa kwa kitu gani. Walitaja baridi. Walitaja masikio. Walitaja siku ya kutoka hospitali, siku ya ubatizo, na aibu ya kwenda kwa mzazi mikono mitupu.

"Unaandika nini muda wote huo?" mama akaniuliza tulipokuwa tunafunga kapu.

"Wanavyosema."

"Si uniulize mimi? Wanasema hivyo hivyo tangu nikiwa msichana."

Jumapili baada ya ibada nilirudi kwenye simu, safari hii bila daftari la utunzi. Niligundua jambo jingine dogo, ambalo wanafunzi wangu wote walilijua tayari. Ukianza kuandika kwenye kile kisanduku cha kutafutia, chenyewe kinakumalizia. Niliandika "nguo za mtoto", kikanipendekezea "nguo za mtoto mchanga", "nguo za mtoto mchanga za baridi", "nguo za mtoto wa kike wa mwaka mmoja". Niliandika "zawadi ya", kikaleta harusi, kikaleta kuzaliwa, halafu chini kabisa, "zawadi ya mama aliyejifungua". Yale yalikuwa maneno ya watu, yaliyoandikwa mara nyingi mpaka simu imeyakariri. Ni kama ningekuwa nimekaa nyuma ya mama sokoni, ila soko lenyewe ni nchi nzima.

Nikafuta sufu. Nikafuta ustadi, na nakiri iliniuma. Nikaandika: "Nguo za baridi za mtoto mchanga. Seti ya sweta, kofia ya kuziba masikio na soksi. Za kumtolea mtoto hospitali, za ubatizo, na zawadi ya aliyejifungua. Zimefumwa kwa mkono, Tukuyu." Nilimsomea mama. Alifikiri.

"Hii si ya redio," akasema. "Hii ni ya Kyimo."

Siku ya pili yake wakapiga wawili. Mmoja wa Iringa, mmoja wa Mbeya mjini. Wiki hiyo sanduku la bati lilifunguliwa mara sita, na mama akaanza kuvaa miwani yake ya kanisani siku za kazi, ili akifuma awe anaonekana kama mtu mwenye oda.

Hapo mimi nikaharibu. Mafanikio kidogo yalinipanda kichwani. Nilijiambia kama maneno matano yameleta watu wale, maneno hamsini yataleta mara kumi. Nikaanza kulishindilia tangazo kila neno nililoliona linatafutwa sana: nguo za watoto bei poa, nguo za mtumba, belo la mtumba, sweta la shule, sweta la wanaume, viatu vya mtoto, mpaka pampasi. Simu ikaanza kuita mfululizo, nami nikafurahi kwa nusu siku.

Alipiga mwanamke wa Songea akitaka belo la mtumba daraja la kwanza. Nikamwambia hatuna. Akapiga baba mmoja ambaye mtoto wake kaitwa kidato cha kwanza, anahitaji sweta la rangi ya kijani iliyokoza lenye mistari miwili ya njano shingoni, na shule inafunguliwa Jumatatu. Hatuna. Akapiga dada wa pampasi. Huyo alinikasirikia kabisa: "Sasa kama huna, kwa nini umeandika unazo?" Nikamwomba radhi, akakata kabla sijamaliza.

Mama alikuwa anasikia yote, maana nilizipokea barazani. Baada ya simu ya dada yule akaweka sindano chini, jambo ambalo hulifanya kwa nadra, akanigeukia.

"Mwanangu. Huyu mtu ametafuta kitu. Ana shida nacho. Umemwita aje, amekuja, halafu unamwambia hamna. Ungefanyiwa wewe sokoni ungerudi tena kwa mtu huyo?"

"Nisingerudi, mama."

"Usimwite mtu kwa kitu usichonacho. Ita wale wa kwetu tu. Wakiwa wachache, wachache hao hao."

Niliyaondoa yote jioni hiyo hiyo, nikirudisha yale ya Kyimo. Simu zikapungua, lakini kila aliyepiga alikuwa anajua anataka nini, na sisi tulikuwa nacho. Nikajifunza kuziheshimu simu chache.

Ilikuwa mwezi wa saba, ule wakati ambao Tukuyu ukungu unashuka asubuhi na hauna nia ya kuondoka, ndipo alipopiga yule baba. Nilikuwa chumba cha walimu mapumziko ya saa nne, kikombe cha chai mkononi. Sauti yake ilikuwa ya kijana, na alizungumza kwa haraka kama mtu anayeogopa salio litaisha.

"Samahani dada, wewe ndiye mwenye nguo za watoto? Nina mtoto mdogo sana. Mdogo mno. Amezaliwa kabla ya wakati."

"Ndiyo kaka. Pole. Mtoto anaendeleaje?"

"Anaendelea. Tupo hospitali, huku Njombe. Nesi anasema mama amweke kifuani, ngozi kwa ngozi, lakini kichwani lazima avae kofia na miguuni soksi muda wote. Kofia zote za madukani zinamfunika mpaka kidevuni. Nimetafuta kwenye simu tangu jana. Naandika nguo za mtoto njiti, inaniletea njiti za kiberiti."

Sikutaka kucheka. Nilijizuia kweli. Yeye ndiye aliyeanza, kicheko cha uchovu, nami nikamfuata.

"Kweli dada. Boksi zima la njiti za kiberiti, bei ya jumla. Baadaye nikaandika tu nguo za mtoto mdogo sana, ndipo nikawapata."

Niliomba ruhusa kwa mkuu wa shule, nikatembea nyumbani haraka. Mama alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Nilimweleza, nikitegemea aniulize rangi. Hakuuliza rangi. Alinawa mikono, akaketi.

"Yule wangu wa mwisho alizaliwa hivyo," akasema. "Miezi saba. Alikuwa kama kifaranga kilichonyeshewa. Bibi yake alinifunga naye hapa kifuani kwa kanga tatu, nikakaa hivyo karibu na moto mpaka nikasahau kulala kwa ubavu. Kofia nilimfumia kwa sindano za baiskeli."

"Sindano za baiskeli?"

"Spoku, zile waya za gurudumu. Sindano za dukani zilikuwa nene."

Huyo mwanawe wa mwisho nilikuwa namfahamu. Ni dereva wa lori la majani ya chai, mtu mpana anayeinama ili apite mlangoni, na akija Jumapili mama hupika ndizi sufuria mbili badala ya moja. Nilijaribu kumfikiria kwenye kofia ndogo, nikashindwa.

Mama aliniamuru nimpigie tena yule baba. "Mwambie aombe futi kwa nesi. Apime kichwa kuzunguka, juu ya nyusi. Na mguu, kisigino mpaka kidole." Baba akapima, akatutumia namba. Mama alichukua kipande cha uzi, akakikata kwa urefu ule, akakifunga kikawa duara, akakivisha kwenye ngumi yake. Kililingana na ngumi.

"Huyu ataishi," akasema. "Kichwa ni kisuri."

Hakufuma siku ile akizungumza na mtu wala akimkemea kuku. Alizima redio. Alitoa uzi mwembamba wa njano aliokuwa ameuweka kwa ajili ya mjukuu, na kabla ya magharibi alikuwa amemaliza kofia tatu, maana alisema zinachafuka haraka, na jozi tatu za soksi zenye kamba ya kufungia ili zisivuke. Alizivuta kila upande kuona kama uzi unakwaruza. Moja alijipima kwenye shavu, akaifumua, akaanza upya. Asubuhi tulikabidhi kifurushi kwenye gari la Mbeya, na kule mtu wa ofisi ya mabasi akakihamishia kwenye basi la Njombe. Mama alisimama stendi mpaka gari lilipopotea, kama anasindikiza mgeni.

Siku ya tatu ikaja picha. Ilikuwa kanga iliyofungwa kifuani mwa mwanamke, na juu yake kitu kidogo cha njano. Ukitazama vizuri ndipo unaona uso. Chini yake ujumbe: "Imemtosha. Nesi anauliza kama mnaweza kuwafumia na wengine wodini."

Mama aliomba nimkuzie picha. Nikamkuzia. Akaomba tena. Mwisho akaniuliza, "Yule wa njiti za kiberiti, wenzake wanatafuta kwa jina gani?"

Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu pia. Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba maneno yenye watu wengi ndiyo yenye thamani. Neno hili wanaliandika wachache, na wengi wao wakiwa wamekaa kwenye benchi la hospitali. Lakini kila mmoja wao akiandika, anaambulia viberiti. Tukaketi tukaandika tangazo la pili, peke yake, na safari hii alitamka yeye nikaandika mimi: "Kofia na soksi za mtoto njiti. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Mtoto mdogo sana, miezi saba, miezi minane. Uzi laini. Tupigie utupe kipimo." Nilitaka kuongeza sentensi moja nzuri mwishoni. Akaniuliza ni ya nini. Nikaiacha.

Tangazo lile halijawahi kuleta simu nyingi. Kuna wiki haipigi hata moja. Lakini wanaopiga tunawafahamu mmoja mmoja: yule bibi wa Sumbawanga aliyekuwa na wajukuu pacha, yule mwalimu mwenzangu wa Makete ambaye hakuweza kusema neno kwa kulia na mama akamngojea kwenye simu mpaka alipotulia, yule baba aliyetaka kofia ya rangi za timu yake na mama akamfumia ingawa yeye ni wa timu nyingine. Si wote wenye mwisho mzuri. Mara moja kifurushi kilifika kimechelewa, na mama hakufuma siku mbili. Siku ya tatu akaanza tena, na aliponiona namtazama akasema tu kwamba uzi umejaa ndani, hauna pa kukaa.

Mikono miwili haikutosha. Sasa hivi kuna wanawake wanne wa kwaya ya kanisani kwake wanaokuja Jumanne na Alhamisi, wanajaza baraza, na mimi nikirudi shule nalazimika kuruka madonge ya uzi. Wanaongea Kinyakyusa haraka kiasi kwamba naambulia tu "fijo", yaani sana, na jina langu la kupanga, Mwalimu. Wananicheka ninavyoshika sindano. Nimejifunza kufuma soksi moja. Ya pili kila mara inatoka kubwa kuliko mwenzake.

Mwezi uliopita alikuja jirani mmoja kutoka Kawetele, mzee mwenye miche ya parachichi, kasikia kwamba hapa kuna watu wanaojua kuita wateja kwa simu. Alivua kofia, akaketi kwenye kiti alichopewa. Nilikuwa nimeshachukua daftari, lakini mama alinitangulia, sindano zikigongana, macho yakiwa kwa mgeni.

"Watu wakija kitaluni kwako," akamuuliza, "wanasemaje? Kabla hujawaambia chochote. Neno lao la kwanza ni lipi?"

Mzee akakuna kidevu. "Wanauliza inazaa baada ya muda gani."

"Basi," mama akaniambia, "andika hilo kwansa."